Kiitweje? Majina na vitu ndani ya programu

Mazungumzo na vijana wanaojifunza kuandika programu, Kijitonyama, Dar es Salaam. Nimeyaandika karibu kama nilivyoyasema. Nimeacha tu pale nilipokohoa na pale umeme ulipokatika.

Wazee mliokaa mbele, shikamooni. Wadogo zangu, hamjambo? Ahsanteni kwa kunisubiri. Natokea Mbezi, na kabla hamjanipa pole ya foleni niseme kwanza ni Mbezi ipi, maana jiji hili lina mbili: Mbezi Beach, upande wa barabara ya Bagamoyo, na Mbezi ya Kimara, barabara ya Morogoro. Mimi ni wa Kimara. Wiki iliyopita kijana wa bodaboda kanipigia simu, "Mama nimefika, mbona sikuoni?" Alikuwa amefika kweli. Amefika Mbezi Beach.

Asubuhi hii, kabla sijaingia ukumbini, nimeitwa majina manne. Jirani kaniamkia, "Mama Kulwa, umeamkaje?" Konda wa daladala kaniita bi mkubwa, na hilo bado sijamsamehe. Mlinzi wa getini kaniandika kwenye daftari lake majina matatu ya kitambulisho. Ndugu mwenyekiti kanikaribisha hapa kama Madamu. Sasa, ndani ya daladala kuna abiria kamkanyaga bi mkubwa mguu. Anayechechemea mbele yenu ni Madamu, na jioni atakayekanda mguu kwa maji ya moto ni Mama Kulwa.

Nimekuja kusema hilo tu. Mtu ni mmoja, majina ni mengi, na atakayemkanyaga kwa jina moja kamkanyaga kwa majina yote. Aliyelishika anaweza kutangulia kwenye chai. Mimi nililishika baada ya miaka, tena kwa aibu mbele za watu, kwa hiyo nawaomba mkae.

Niliyemkuta kwanza alikuwa mwalimu mwenye chaki. Alichora kisanduku ubaoni, juu yake akaandika x, ndani akaandika 5. "Kigeu ni kisanduku," akasema. Nikaamini, na kisanduku kile nikatembea nacho miaka. Mwalimu yule hakuwa mwongo. Alikuwa akifundisha C, lugha aliyoitengeneza Dennis Ritchie kule Bell Labs mwanzoni mwa miaka ya 1970, na kwenye C ukitangaza namba nzima iitwayo x, unakatiwa kipande cha kumbukumbu ya mashine, kwa kompyuta nyingi za leo ni baiti 4, na kipande hicho ndicho x. Ukiandika `y = x`, kilichomo kinanakiliwa. Sasa kuna tano mbili, kila moja na chumba chake. Tatizo lilianza tulipohamia lugha za Python na Java tukaondoka na kisanduku chetu, kama mtu aliyehama Tandika akaenda Tabata na ufunguo wa mlango wa Tandika mfukoni.

Chukueni mstari huu wa Python:

`bei = [500, 700, 1200]`

Macho yenu yanaanzia kushoto. Python inaanzia kulia. Kwanza inatengeneza orodha yenye namba tatu. Orodha ipo, ina uzito wake, ina mahali pake. Kisha ndipo jina `bei` linafungwa kwake. Kwetu pwani mtoto anazaliwa kwanza, jina anatangaziwa siku ya saba kwenye akika. Zile siku sita yupo, ananyonya, analia usiku kucha, na hakuna anayesema hayupo kwa sababu hana jina. Python inafanya akika hiyo hiyo, ila haisubiri siku saba.

Kwa hiyo ile alama ya `=` isiwadanganye kwa sura yake ya darasa la hesabu. Haisemi "ni sawa na". Isomeni hivi: "kitu hiki cha kulia kiitwe bei." Kiitwe. Lugha yetu ina neno hilo tayari, fupi na safi, na sijui kwa nini tunahangaika kulitafuta kwingine.

Sasa wazee wanisaidie. Mzee wangu hapo mbele, ukisema ulikwenda Uwanja wa Taifa mwaka 1980, ni uwanja upi? Eeh. Ule wa zamani. Na wewe kijana, ukisema ulikwenda Taifa mwaka 2015? Ule mkubwa, wa viti 60,000, uliofunguliwa 2007. Mnaona? Nyasi hazikutembea. Jina limehama. Uwanja wa zamani upo pale pale unaitwa Uhuru, ingawa mtaani ni Shamba la Bibi. Na mwaka 2020, alipofariki Mzee Mkapa, ule mkubwa ukapewa jina lake. Leo mashabiki wanasema "Kwa Mkapa", wengine "Lupaso", kijiji cha kwao, na wabishi bado wanasema Taifa. Tuiandike hadithi hiyo, na kila `Uwanja()` inajenga uwanja mpya:

`taifa = Uwanja()`
`uhuru = taifa`
`taifa = Uwanja()`
`mkapa = taifa`
`lupaso = mkapa`

Swali kabla sijaendelea. Baada ya mstari wa tatu, `uhuru` ni uwanja gani? Nyoosheni mikono. Wa zamani? Wa mpya? Mmegawana nusu kwa nusu kama Simba na Yanga, na nimefurahi, maana nusu yenu ndiyo iliyonileta hapa.

Jibu ni wa zamani. Mliosema mpya mlifikiri hivi: `uhuru` imefungwa kwa `taifa`, na `taifa` imehamia uwanja mpya, basi `uhuru` nayo imeburutwa. Hapana. Jina halifungwi kwa jina. Mstari wa pili unauliza, "nani anaitwa taifa sasa hivi?", anapatikana uwanja wa zamani, na `uhuru` inafungwa kwa uwanja wenyewe. Kuanzia hapo majina hayo hayajuani. Moja likihama, la pili halina habari. Jina linakwenda kwenye kitu moja kwa moja. Halipiti kwa jirani yake.

Sasa geuzeni upande wa pili. Meneja wa uwanja akiamka kesho akapaka viti rangi, akaandika `mkapa.rangi = "kijani"`, je, `lupaso.rangi` itakuwa nini? Kijani. Na `taifa.rangi`? Kijani. Hapa hakuna jina lililohama. Kilichobadilika ni kitu chenyewe, na majina yote matatu yanaona. Kuna kubadili jina linakoelekea, na kuna kubadili kitu. Kwenye karatasi yote mawili yana alama ile ile ya `=`, na hapo ndipo watu wanapoumia.

Haikuwa lazima iwe hivyo. Lugha ya kwanza kutuletea mambo haya ya klasi, yaani ramani ya kutengenezea vitu, na vitu vyenyewe, ni Simula, ya Wanorwei wawili, Ole-Johan Dahl na Kristen Nygaard, waliofanya kazi Oslo miaka ya 1960. Waliitengeneza ili kompyuta iige mambo yanayopanga foleni na kusubiriana. Mimi nasema wangezaliwa Dar wangeimaliza mapema zaidi, mifano ipo Ubungo. Lakini tazameni umakini wao: kwenye Simula 67 kuna alama mbili. Ukitaka jina lielekee kwenye kitu, unaandika `:-`. Ukitaka thamani iwekwe, unaandika `:=`. Hata kulinganisha kulikuwa na alama mbili, moja ya kuuliza kama thamani zinalingana, nyingine ya kuuliza kama ni kitu kile kile. Wajukuu wa Simula wakaona uvivu, wakazifunga zote ndani ya `=` moja. Tumeokoa nukta mbili na kistari. Hasara yake siwezi kuihesabu.

Kabla sijafika kwenye aibu yangu, niwapeleke kwa fundi cherehani. Unampelekea gauni lako. Kwako linaitwa gauni la harusi ya mdogo wangu. Kwake linaandikwa kwa chaki, "la mama wa mapacha, kupunguza". Majina mawili, gauni moja. Akilikata sentimita kumi, ni gauni lako limekatwa, usitegemee kuna jingine zima kabatini. Lakini akiichukua ile alama yake ya "la mama wa mapacha" akaibandika kimakosa kwenye suruali ya mtu mwingine, gauni lako halijageuka suruali. Lipo pale kwenye msumari. Alichokosea ni kumbukumbu yake yeye.

Ndivyo funksheni, yaani kipande cha programu unachokiita kikufanyie kazi, inavyopokea kitu kwenye Python, na ndivyo Java inavyofanya kwa vitu. Watu wanabishana mpaka usiku: inapitisha thamani yenyewe au inapitisha rejeo, yaani njia ya kukifikia kitu? Barbara Liskov na wenzake pale MIT, walipotengeneza lugha ya CLU miaka ya 1970, walilipa jina lake: kupitisha kwa kushirikiana. Mwitaji na mwitwaji wanashirikiana kitu kimoja, kila mmoja kwa jina lake. Mimi naliita kwa fundi cherehani na nimeona linaeleweka haraka.

Haya, sasa kikoba.

Miaka kadhaa nyuma niliwaandikia kina mama wa mtaani kwetu programu ya kikoba. Wanachama 27, wanakutana kila Jumamosi, wananunua hisa, wanakopeshana, mwisho wa mwaka wanavunja na kugawana. Walikuwa wakiandika kwenye kaunta buku, na mweka hazina wao, mama mtu mzima, alikuwa na mwandiko mzuri kuliko programu yoyote niliyowahi kuiandika. Lakini mimi nilikuwa msomi wa kompyuta, nikaona daftari ni ushamba. Nikaandika hivi:

`class Mwanachama:`
`    def __init__(self, jina, michango=[]):`
`        self.jina = jina`
`        self.michango = michango`

Yaani: mwanachama anapoandikishwa, ana jina na ana orodha ya michango, usipotaja orodha, basi aanze na orodha tupu. Nikaijaribu nyumbani kwa mwanachama mmoja, mimi mwenyewe. Nikachangia, ikaonyesha mchango wangu. Safi. Nikabeba kompyuta hadi kwenye kikao.

Jumamosi ile kila mama akatoa shilingi 20,000. Nikawa naingiza mmoja mmoja, kwa madaha, sitazami jumla. Walipomaliza, akafika mama mmoja mgeni anayetaka kujiunga. Nikamwandikisha pale pale. Mweka hazina akavaa miwani yake, akasogea kwenye kioo, akasoma. Akanyamaza. Kisha akasema kwa upole, ule upole wa watu wazima unaouma kuliko kofi: "Mwanangu, huyu kaingia sasa hivi, mkoba hajaufungua. Mbona ana laki tano na arobaini?"

Nikapandisha kioo. Kila mwanachama alikuwa na shilingi 540,000. Wote. Zidisheni wenyewe, 27 kwa 20,000. Kila mama alikuwa anamiliki akiba ya kikoba kizima. Na kwa kuwa kwenye kikoba chetu mtu anaruhusiwa kukopa hadi mara tatu ya hisa zake, kuna mama nyuma akauliza kama fomu za mkopo zinatolewa leo.

Mnajua niliwaambia nini? Niliwaambia ni tatizo la mtandao. Programu ile haikuwa na mtandao wowote ndani yake. Mungu anisamehe.

Usiku mbili sikulala. Nilitafuta kwenye kujumlisha, nikatafuta kwenye kuhifadhi, nikalaumu kompyuta. Kosa lilikuwa kwenye mabano mawili, `[]`. Mimi nilidhani kila mwanachama anapoandikishwa, Python inafungua orodha mpya. Kumbe ile orodha inatengenezwa mara moja tu, pale Python inapousoma mstari wa `def`. Inawekwa mlangoni kama kapu. Kila anayeingia bila kapu lake anaambiwa, "Kapu lako lile pale." Kapu moja, wamiliki 28. Kila `self.michango` ni jina jipya, nami nilihesabu majina nikadhani nimehesabu makapu. Nilipojijaribu peke yangu nyumbani isingeonekana kamwe, kwa sababu kapu la pamoja lenye mtu mmoja linafanana kabisa na kapu la mtu binafsi.

Dawa yake ni fupi. Weka `michango=None`, yaani hakuna kitu, kisha ndani uandike kwamba ikiwa ni `None`, tengeneza orodha mpya papo hapo. Kila mmoja anaondoka na kapu lake. Nilirudi Jumamosi iliyofuata, programu inafanya kazi. Mweka hazina akaniandikia kwenye kaunta buku lake pia, "kwa usalama tu mwanangu". Naye alikuwa na haki.

Nimewaambia naitwa Mama Kulwa. Mnajua basi kwamba Doto naye yupo. Walizaliwa wanafanana hadi bibi yao alikuwa akikosea. Uzito ule ule, nguo zile zile za zawadi, kilio kile kile. Jioni moja nilimwogesha mtoto, nikampaka mafuta, nikamlaza. Nikamchukua mwenzake, nikamwogesha, nikampaka mafuta. Nilipoinuka nikaona mmoja anang'aa kama samaki na mwingine mkavu kama alivyoamka. Nilimwogesha Kulwa mara mbili. Kuanzia kesho yake Kulwa akafungwa uzi mwekundu mkononi.

Kwenye Python swali la "wanafanana?" linaandikwa `kulwa == doto`, na jibu ni ndiyo. Swali la "ni mtoto yule yule?" linaandikwa `kulwa is doto`, na jibu ni hapana. Ule uzi mwekundu ni `id()`, namba ambayo kila kitu kinayo kwa muda wote kinapoishi. Ni kama namba ya NIDA ya kitambulisho cha taifa, zile tarakimu 20: ukiolewa, ukibadili jina, ukiitwa bi mkubwa, namba ni ile ile. Tofauti yake, kitu cha Python kikifa namba yake inaweza kupewa kingine. NIDA hawafanyi hivyo, Alhamdulillah.

Mnaoandika Java, hapa ninyi mna mtego wenu, na unawakamata zaidi watu wa nchi yetu. Kwenye Java, `==` kati ya vitu inauliza kama ni kitu kile kile; kufanana kunaulizwa kwa `equals`. Sasa kuna klasi iitwayo `Integer`, namba iliyovikwa kanzu ya kitu. Java kwa kubana matumizi imeshatengeneza vitu vya namba kuanzia -128 hadi 127 na kuviweka tayari. Ukitaka 100 mara mbili unapewa kitu kile kile mara mbili, `==` inasema ndiyo. Ukitaka 1000 mara mbili unapewa vitu viwili, `==` inasema hapana. Kijana anaandika programu ya duka, anaijaribu kwa 1, kwa 5, kwa 100, yote sawa. Anaipeleka Kariakoo. Niambieni ni bidhaa gani Kariakoo inauzwa chini ya shilingi 127! Programu imejaribiwa kwenye dunia ambayo pipi tu ndiyo inapatikana. Python nayo ina tabia hiyo kwa namba kati ya -5 na 256 kwenye ile ya kawaida tunayoitumia wote, kwa hiyo msitumie `is` kulinganisha pesa. Msitumie kabisa.

Nitapita haraka kwenye majina yasiyo na mtu. Mnapiga namba, dada wa kwenye simu anawaambia haipatikani. Kwenye programu hiyo ni rejeo tupu. Aliyeliingiza ni Mwingereza Tony Hoare, kwenye lugha ya ALGOL W mwaka 1965, kwa sababu, alisema mwenyewe, lilikuwa rahisi kuliweka. Mwaka 2009 alisimama mbele ya watu akaliita kosa lake la dola bilioni moja. Namheshimu kwa hilo kuliko kwa mengi aliyofanikiwa. Mimi kwa laki tano na arobaini tu nilisingizia mtandao.

Jiji letu lina tabia nyingine. Ukipanda gari la Sinza, konda anaita, "Kwa Remmy! Wa Kwa Remmy!" Mwanamuziki Remmy Ongala alifariki mwaka 2010. Jina linashusha abiria kila siku, mwenyewe hayupo. Kwenye C jina la namna hiyo ni hatari tupu: kielekezi kinaonyesha mahali palipokuwa na kitu, kitu kimeondolewa, pengine pamehamiwa na mwingine, nawe unabisha hodi kwa kujiamini. Python imekataa jambo hilo kwa kuligeuza: maadamu kuna jina moja linalokitaja, kitu hakiondolewi. Na ukiandika `del bei`, hujaua orodha. Umefuta jina. Kama orodha ina jina jingine kwingine, inaendelea kuishi raha mustarehe. Ni pale jina la mwisho linapofunguliwa ndipo mzoa taka anapita. Python inahesabu tu: wangapi bado wanakutaja? Ikifika sifuri, gari la taka.

Hesabu hiyo ina tundu. Chukueni watu wawili wanaodhaminiana mkopo. Wa kwanza ana mdhamini, wa pili ana mdhamini, kwenye karatasi wote wako salama; lakini mtaani hakuna mtu wa tatu anayewajua. Vitu viwili vinavyotajana vyenyewe kwa vyenyewe hesabu yao haifiki sifuri kamwe. Ndiyo maana tangu toleo la 2.0, mwaka 2000, Python ina mzoa taka wa pili anayepita kutafuta marafiki wa namna hiyo.

Kuna dada ameniuliza wakati umeme umekatika kama tuandike majina ya programu zetu kwa Kiswahili au Kiingereza. Nitajibu kwa nilichokiona, si kwa uzalendo. Kiingereza kinatofautisha kimoja na vingi kwa herufi moja mwishoni, na jicho lililochoka saa sita usiku haliioni. Kiswahili kinatofautisha mwanzoni: `mwanachama`, `wanachama`, `kiti`, `viti`, `mkopo`, `mikopo`. Huwezi kuyachanganya, hata kwenye orodha ya majina hayakai karibu. Mimi naona ni zawadi. Lakini zawadi hiyo ina kasoro, na dada wa watu amekutana nayo, nimeiona kwenye kompyuta yake kabla hatujaanza. Anaandika programu ya dalali wa nyumba za kupanga:

`for nyumba in nyumba:`
`    print(nyumba.kodi)`

Nyumba moja, nyumba kumi, neno ni lile lile. Na hiyo kodi ni ya pango, watu wa mapato wasiinuke. Akaiendesha, ikachapa nyumba zote kumi bila kulalamika. Kisha akataka kuzihesabu, ikagoma: inasema nyumba haina idadi. Amekuwa akiniuliza orodha yake imekwenda wapi.

Dada, sasa unaweza kujibu mwenyewe, lakini ngoja tuifuate pamoja. Mwanzo, `nyumba` ni jina la orodha. Mzunguko unapoanza, Python inaishika orodha kwa mkono wake yenyewe, haihitaji tena jina lako. Kisha inachukua nyumba ya kwanza na kusema: hii iitwe `nyumba`. Jina limehama kutoka kwenye orodha kwenda kwenye nyumba moja ya Mbagala. Mzunguko wa pili limehamia ya Gongo la Mboto. Mpaka ya kumi. Mzunguko ukaisha, Python ikaachia mkono wake, na ile orodha ikabaki haina anayeitaja. Gari la taka likapita. Ulichobaki nacho kinaitwa `nyumba`, na ni nyumba moja, ya mwisho, yenye vyumba viwili na choo cha nje.

Iite orodha `nyumba_zote`, kisha uendeshe tena. Nakuja hapo nyuma tuitazame pamoja, wengine chai ipo tayari.